Mwenye Kamba

Mjomba alichimba visima maisha yake yote, na alipofariki, Mungu amrehemu, alifia kitandani kwake mchana kweupe, shuka safi, mkewe amemshika mkono. Kwa mchimba visima hilo si jambo dogo. Wengi wa rika lake hawakuipata bahati hiyo. Siku ya maziko watu walisema alikuwa na mkono mwepesi, wengine wakasema alikuwa na nyota njema. Mkewe alizisikia sifa zote zile akatikisa kichwa. Yeye alijua ni nini kilichomrudisha mumewe nyumbani kila jioni. Mungu kwanza, halafu watu aliowachagua wasimame mdomoni mwa kisima yeye akiwa chini.

Namna alivyowachagua ilikuwa kichekesho cha mtaa mzima. Vijana wenye misuli walikuja kuomba kazi wakiwa wamekunja mikono ya shati makusudi. Mjomba aliwatazama jinsi mtu anavyotazama ng'ombe wa jirani: wazuri, lakini si wake. Aliuliza walikofanya kazi kwanza, akawaaga, kisha akafunga safari hadi huko bila kumwambia mtu. Akakaa na bosi wa zamani, akakaa na mama mwenye nyumba, na kila mmoja alimuuliza swali lake lile lile: "Huyu akiharibu kitu, hufanyaje?"

Wengi walirudi kwao bila kazi na bila kujua kwa nini.

"Kushika sururu nitamfundisha," alikuwa akisema. "Kusema kweli wakati kweli yenyewe inamuumiza, hapana. Hiyo sina muda wa kumfundisha mtu mzima."

Kikosi chake kilikuwa kidogo. Alikuwepo Kinanda, mtu mwembamba aliyepewa jina hilo kwa sababu mdomo wake haukuwa na mahali pa kuuzimia. Alikuwepo Mkwe, aliyemuoa binti pekee wa Mjomba, mabega kama mlango, mtu wa kupenda kazi iende. Wa nne alikuwa mzee mmoja mpole ambaye mwaka ule alihama kuwafuata wanawe, na nafasi yake ikabaki wazi. Mjomba mwenyewe magoti yalikuwa yameanza kumsemesha.

Walijenga visima kwa pete za zege. Pete pana inalala chini, nyingine inapandishwa juu yake, na nyingine tena. Mtu anaingia katikati, anachimba udongo chini ya ukingo wa pete ya chini kabisa, na mnara wote unazama taratibu kwa uzito wake wenyewe. Juu ya mdomo wa kisima walisimamisha magogo matatu yaliyofungwa pamoja kileleni, na hapo iliningʼinia roda ya kupitishia kamba. Watu wawili walizungusha mpini wa kushusha na kupandisha. Wa tatu alisimama mdomoni, kiganja kwenye kamba, macho chini. Huyo ndiye aliyeitwa mwenye kamba.

Na mwenye kamba wa Mjomba alikuwa na mamlaka ambayo wachimbaji wengine waliyacheka. Akisema panda, unapanda. Huulizi kwa nini, husemi ngoja. Utauliza ukishafika juu, umekaa, umeshika kikombe cha maji. Hata aliye chini awe Mjomba mwenyewe.

"Nikiwa mle ndani mimi si bosi," alisema. "Mimi ni mzigo."

Miaka yote hiyo mwenye kamba alikuwa Mkwe, na kila mtu alijua kwamba Mjomba akistaafu, kikosi kitakuwa chake. Alikuwa na nguvu, hakuchelewa kazini, hakugusa pombe. Alikuwa na kasoro moja tu. Ukimuuliza "Vipi hapo?" alijibu "Shwari!" kabla hajatazama. Hakuwa mwongo. Alipenda tu mambo yawe shwari, na yawe upesi. Mjomba alikuwa ameliona jambo hilo zamani, akalibeba moyoni kama jiwe ndani ya kiatu, asiseme, kwa sababu utamwambiaje mume wa mwanao?

Ndipo ikafika mtaani habari ya mlinzi wa ghala la simenti.

Ilisimuliwa kwa kinyozi, na wateja walicheka mpaka kinyozi akasimamisha mashine asije akamkata mtu. Mlinzi yule alipitiwa na usingizi kazini. Hakuna aliyemuona, hakuna kilichoibwa. Asubuhi bosi wake alipofika, yeye mwenyewe akamfuata na kumwambia, "Bosi, jana nililala." Akafukuzwa papo hapo.

"Mjinga wa mwaka!" alisema kinyozi.

Mjomba hakucheka. Alitoka na nywele zake upande mmoja zimenyolewa, upande mwingine bado, akaulizia nyumba ya mlinzi huyo. Alimkuta uani anafua nguo za watoto.

"Wewe ndiye uliyelala?"

"Ndiyo, ni mimi."

"Nani alikuona?"

"Hakuna mtu."

"Kuna kitu kiliibwa?"

"Hakuna, mzee. Hata panya hakupita."

"Sasa ulimwambia bosi ili iweje?"

Mtu yule akakamua shati dogo, akalitundika kwenye kamba. "Yeye alilala kwake akijua mimi niko macho. Sikuwa macho. Nikaona ni haki yake ajue."

Mjomba akavuta ndoo, akaipindua, akaikalia. "Na mkeo alisemaje?"

"Alisema ukweli ndiye mke wangu mkubwa, yeye ni wa pili."

"Lakini kwa nini ulilala?"

"Mtoto alikuwa na homa, mchana nilimbeba mimi. Lakini hiyo haikuwa shida ya bosi."

"Kesho uje kwangu," alisema Mjomba, akarudi kwa kinyozi kumaliziwa nywele.

Kinanda ndiye aliyempa jina la Usingizi, siku ile ile ya kwanza, na mwenyewe akaliitikia kama vile amezaliwa nalo. Kwa majuma kadhaa alisimama mdomoni ubavuni mwa Mkwe akijifunza: kamba inavyosema mkononi, sauti inavyotoka kisimani mtu akiwa mzima na inavyotoka akiwa amechoka. Alikuwa mzito wa maneno lakini alitazama. Alitazama mpaka Kinanda akalalamika, "Huyu jamaa ananiangalia kama vile nimemeza pete ya mkewe."

Wote walidhani anafundishwa ili siku Mkwe akiugua awepo wa kumshikia. Mpaka walipopata kazi ya shule.

Ilikuwa shule ya bweni ya wasichana. Bomba lilikuwa limekauka, na Mwalimu Mkuu, mwanamke mwenye miwani minene na hatua za haraka, alitaka kisima kiwe tayari nyuma ya jiko kabla wanafunzi hawajarudi kutoka likizo. Kazi ilikwenda vizuri hadi chini kabisa. Hapo pete ya mwisho ikakwama upande mmoja juu ya jiwe, na mnara ukainama kidogo. Kuutoa mnara kwenye jiwe ni kazi ya mkono wa mzee. Mjomba akavua saa, akavaa kofia ngumu, akasali kama alivyosali kila mara, kichwa chini, midomo ikitembea. Halafu akasema, kana kwamba anaomba chumvi:

"Usingizi, shika kamba. Mkwe, leo utazungusha mpini na Kinanda."

Kinanda alinyamaza. Hilo peke yake lilitosha kuwatisha watu.

"Baba," alisema Mkwe, sauti ya chini, "nimekosa nini?"

"Hujakosa kitu."

"Basi unanivua nguo mbele za watu kwa sababu gani?"

Mjomba alitaka kumjibu vizuri, lakini hakuwa na maneno ambayo yasingeuma. "Tutazungumza," alisema, akashuka. Hilo lilikuwa kosa lake la kwanza siku ile.

Huko chini palikuwa baridi na pafinyu, harufu ya udongo mbichi. Alipiga magoti upande wa jiwe, akaanza kulichokoa kwa mtaimbo mfupi. Juu yake kulikuwa na duara la mwanga, na kwenye ukingo wa duara kichwa kimoja.

"Upo?"

"Nipo."

Alichimba. Jiwe likaanza kutikisika kama jino bovu. Halafu mchanga uliokuwa chini ya jiwe ukabadilika rangi, ukawa mweusi, ukang'aa, na tone likatoka, likafuatwa na jingine. Maji yana ulevi wake kwa mchimba kisima. Miaka yote haiondoi ulevi huo. Mjomba aligusa, akaonja, akacheka peke yake.

"Upo?"

"Nipo! Maji!" akajibu mwishowe.

"Mjomba, panda."

"Ngoja! Nimeona maji!"

"Panda, Mjomba."

"Ngoja kidogo tu, wewe! Jiwe liko karibu kutoka!"

"Panda!"

Mara ya tatu akapanda, hasira zimemjaa, mtaimbo mkononi. Mpini ulizungushwa kwa nguvu kuliko kawaida, na alipotoa kichwa nje aliona sababu. Mkwe alikuwa anazungusha huku anatabasamu tabasamu lisilo na raha.

"Haya, sema," Mjomba alimwambia Usingizi, bado anahema. "Umeona nini?"

"Sauti yako. Ilichelewa. Na ilipokuja ilikuwa ya mtu mwingine, kama ya mlevi. Niliogopa hewa."

Hofu hiyo ilikuwa na maana. Kisima kinaweza kujaa hewa mbaya, na mwenye kuivuta ndiye wa mwisho kujua. Wakawasha mshumaa, wakauteremsha kwenye mkebe. Ulifika chini ukiwaka, ukakaa ukiwaka, ukapandishwa ukiwaka. Hewa ilikuwa safi kabisa. Ile sauti ya mlevi ilikuwa furaha ya mzee aliyeona maji.

"Ameota!" Mkwe alipasuka. "Si anaitwa Usingizi? Ameota akiwa wima!"

"Labda aliota anaoga," Kinanda akadakia, kwa kuwa hakuweza kujizuia.

Usingizi aliinama. Alikuwa anatazama kiganja chake.

Wakati wanacheka, mnara ulijisogeza wenyewe. Jiwe lililochokolewa nusu likapinduka, pete ya chini ikazama upande mmoja, na ule mwinamo mdogo wa asubuhi ukawa mkubwa hata Mwalimu Mkuu akauona kutoka dirishani. Akaja na hatua zake zile. Akaelezwa. Mkwe ndiye aliyeeleza, na hakupunguza kitu.

"Mzee," alisema Mwalimu Mkuu, "mimi nataka kisima. Sikualika kikundi cha maigizo. Kesho nikimkuta mtu huyu hapo mdomoni, natafuta wachimbaji wengine. Wasichana wanarudi, nitawanywesha nini? Hadithi?"

Mjomba aliinamisha kichwa, akasema amesikia.

Nyumbani jua lilikuwa halijazama. Binti yake alikuwa amefika kabla yake, amesimama jikoni na mama yake, na habari zilikuwa zimemtangulia.

"Baba, mume wangu ameingia ndani hakunisalimia. Amelala anatazama ukuta. Umemfanya nini?"

"Nimempa kazi ya mpini."

"Umempa aibu! Na kamba umempa mtu ambaye mji mzima unajua kwamba alilala kazini!"

"Unajuaje kwamba alilala?"

"Si alisema mwenyewe!"

"Basi," alisema Mjomba.

Binti alifungua mdomo, akaufunga, akatoka. Mkewe akabaki anapangusa meza iliyokuwa tayari safi.

"Mimi sijui mambo ya visima," alisema mkewe. "Lakini nikuambie kitu. Ukifia mle kwa ajili ya ubishi wako, nitakuzika nikiwa nimekasirika. Na Mungu nitamwambia hivyo hivyo."

"Si ubishi."

"Ni nini?"

Alikaa, akavua viatu taratibu. Ndipo akamwambia alichokuwa nacho tangu mchana. Kosa la Usingizi halikumtisha. Mtu akikupandisha bure, umepoteza muda na jasho. Kilichomtisha ni ule uso wa Usingizi alipochekwa. Mtu aliyechekwa kwa kuita, siku nyingine ataangalia kwanza ni nani atakayemcheka, ndipo aite. Na kisima hakina muda huo.

"Na nani alianza kumdharau?" aliuliza mkewe.

Mjomba alitazama vidole vyake vya miguu. "Mimi. Nilisema ngoja. Mara mbili. Sheria ni yangu, na wa kwanza kuivunja ni mimi."

Mkewe akaacha kupangusa. "Basi tatizo hilo si la mkwe wako wala la mwalimu," alisema, akaenda kumletea maji ya kuoga.

Asubuhi Usingizi alifika kwanza. Alikuwa amekaa juu ya rundo la mchanga, na wenzake walipokuja alisimama. "Mjomba, mpe Mkwe kamba yake. Mimi nitazungusha mpini. Hata kufagia nitafagia, sijali."

Mjomba aliwasubiri wote wafike, hata mpishi wa shule aliyetoka na sufuria mkononi. Akavua kofia.

"Jana mwenye kamba aliniambia panda, nikamwambia ngoja. Akaniambia tena, nikamwambia ngoja tena. Ingekuwa ni mmoja wenu, ningemfukuza kazi. Nimekosa. Ndugu yangu, nisamehe."

Hapakuwa na mtu aliyejua aangalie wapi. Mkwe alitazama magogo. Katika miaka yake yote hakuwahi kumsikia mzee akiomba msamaha, na zaidi ya yote, alijua msamaha ule haukuwa wake.

"Mkwe, na wewe nisamehe. Nilikuvua kamba bila kukueleza, na nilikuwa na sababu. Ukiulizwa vipi, unasema shwari kabla hujatazama. Nimeliona hilo siku nyingi, nikaogopa kukuambia kwa sababu ya nyumba. Nakuambia leo mbele za watu, na najua ninakuumiza."

Shingo ya Mkwe ilivimba. Alikwenda kwenye mpini, akaushika.

"Na mimi nikikosea tena?" Usingizi aliuliza.

"Nitapanda tena."

"Nikikosea kila siku?"

"Magoti yatanitukana, lakini nitapanda."

Mwalimu Mkuu alikuwa amefika wakati huo, miwani mkononi. "Mzee, jana nilisemaje?"

"Mwalimu, kisima ni cha shule," alisema Mjomba kwa adabu. "Shingo ni yangu. Niruhusu nimchague mwenyewe wa kuishika. Nikimaliza leo bila kunyoosha mnara, utafute wengine, sitanung'unika."

Mwalimu hakukubali, hakukataa. Alisogea akasimama kivulini, ukutani mwa jiko, akakunja mikono.

Mjomba akasali, akashuka.

Maji yalikuwa yamefika kwenye vifundo vya miguu. Alianza kuondoa mchanga upande uliobaki juu, ili pete izame sawa. Kazi ya kuchota kidogo kidogo tu: koleo moja hapa, moja pale, sikio kwenye zege. Mchanga mwororo uliingia kutoka chini ya ukingo kila alipouondoa, kana kwamba kuna mtu upande wa pili anausukuma.

"Upo?"

Aliposikia, mkono wake ulisimama. Haikuwa sauti ya jana. Ilikuwa nyembamba, ya mtu anayebisha hodi kwa watu wasiompenda.

"Nipo," alijibu.

Akachimba. Moyoni alijua sasa. Msamaha ulikuwa umesemwa, lakini mtu haponi kwa kusemewa. Yuko chini ya mnara wa zege, na juu yake kuna mwenye kamba anayeogopa kuita. Angeweza kupanda akamwambia Mkwe ashike, na hakuna ambaye angemlaumu. Mwalimu angefurahi, binti yake angefurahi. Lakini huyo Usingizi asingeita tena maisha yake yote, si kisimani, si popote. Na Mkwe, aliyeumizwa asubuhi hii mbele za watu, yuko kwenye mpini. Mjomba alijiuliza kama hakujenga kwa mikono yake mwenyewe shimo baya kuliko hili alilomo. Mungu wangu, alisema kimoyomoyo, wape midomo.

"Upo?"

"Nipo!"

Mchanga uliongeza kasi. Aliuona ukijaa kwenye miguu yake, akasema bado kidogo, pete inakaribia kukaa sawa. Kisha kutoka juu akasikia sauti ya Mkwe, ya chini, neno moja asilolipata. Halafu kimya.

Alitazama duara la mwanga. Kile kichwa hakikuwa kinamtazama yeye tena, kiligeuka upande. Kuna kitu. Mkono wake ulishika kamba wenyewe. Apande?

"PANDA!"

Sauti ilishuka kisimani kama kitu kilichotupwa. Mjomba aliachia koleo. Hakutazama maji wala pete. Aliingiza mguu kwenye kitanzi, na kabla hajasema tayari, kamba ilikaza na miguu yake ikang'oka mchangani. Alipanda akigongana na zege, bega, kiwiko, bega. Mkono wa Kinanda ulimvuta kwa ukosi, wa Usingizi kwa mkanda, na wote watatu wakaangukia upande wa jiko.

"Ondokeni hapo!" Mkwe alifoka. "Rudini nyuma!"

Udongo kuzunguka mdomo ulikuwa na ufa, umepita chini ya gogo moja kati ya yale matatu. Mpishi alipiga kelele. Mnara ukashuka wote kwa mkupuo, kishindo kizito walichokisikia kwenye nyayo, na gogo lile likazama, roda ikaanguka, na kutoka mle ndani ukatoka mvumo wa maji na mchanga kama mtu anayekohoa. Walipoweza kusogea na kuchungulia, pale alipokuwa amepiga magoti palikuwa na mchanga hadi katikati ya pete ya pili kutoka chini. Koleo halikuonekana.

Mwalimu Mkuu alikuwa ameketi chini, sketi yake kwenye vumbi, hajui kama ameketi.

"Nani aliona?" Mjomba aliuliza.

"Mimi niliangalia chini tu, kwako," alisema Usingizi. Akamnyooshea Mkwe kidole. "Ni yeye aliyeuona ufa. Aliniambia. Nami nikaogopa, nikamuangalia. Nikasema moyoni, nikikosea tena leo..."

"Akaniangalia kama mtoto," alisema Mkwe. Alikuwa bado ameshika mpini uliokwisha kupinda. "Nikamnong'oneza, muite. Si wewe mwenye kamba? Muite!" Akaachia mpini. "Baba, nilikuwa nimeshafungua mdomo niseme shwari. Naapa. Ilikuwa hapa kwenye ulimi."

Mjomba alimshika kichwa kwa mikono miwili yenye matope, akamshika hivyo mpaka Kinanda akaanza kulia kwa sauti na kuwaaibisha wote.

Wasichana walichelewa kurudi shuleni. Mwalimu Mkuu aliwaandikia wazazi, na kwa kikosi hakusema lolote zaidi ya kuuliza kama watahitaji magogo mapya. Iliwachukua siku nyingi kuondoa mchanga, kujaza ardhi iliyotitia na kuunyoosha mnara. Kazi ya chini ilikuwa ngumu kuliko mwanzo, na asubuhi waliyoanza kushuka tena, Mjomba alipoinama kuchukua kofia ngumu, alikuta Mkwe ameshaivaa.

"Nashuka mimi," alisema Mkwe. "Usingizi ashike kamba."

Mjomba alitafutiwa kiti. Kilitoka darasani, kidogo, cha mwanafunzi, akawekwa ukutani mwa jiko magoti yakimgusa kidevu. Hakuwahi kukaa wakati wa kazi. Alitazama kamba ikishuka, akasikia Kinanda, aliyeshika mpini na mpishi wa shule, akisimulia habari isiyo na kichwa wala miguu, akamsikia mwenye kamba akiuliza na mume wa binti yake akijibu kutoka chini. Mikono yake haikujua ikae wapi. Aliiunganisha, akasali.

Kabla ya adhuhuri Usingizi aliita. "Panda!"

Hakuna kilichoonekana. Ardhi ilikuwa tulivu, magogo yamesimama. Kutoka kisimani ilisikika sauti ya Mkwe ikilaani kitu, tope au magoti yake au siku aliyooa, lakini mpini ukaanza kuzunguka, na akatokea, tope hadi kifuani, jicho moja limefumba.

"Nini tena?"

"Sijui," alisema Usingizi. "Sikuipenda tu ile sauti ya maji."

Wakasikiliza wote. Wakauzunguka mdomo wakitazama chini ya kila gogo. Mkwe mwenyewe alipiga magoti, akaweka sikio juu ya zege, akakaa hivyo kwa muda, macho yamefumba.

"Nasikia maji tu," alisema hatimaye.

"Basi nimekosea."

"Umekosea." Mkwe alijifuta jicho kwa mkono, akapokea kikombe cha maji, akanywa nusu, nusu akajimwagia kichwani. Akaingiza mguu kwenye kitanzi. "Haya, nishushe. Na Kinanda, ukicheka, jioni nakutupa humu."